Kifaa Kipya Kijijini: Daftari Lishikwe na Nani?



Umemaliza kisomo. Unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini wahitimu wengi huuliza: "Sasa kisomo hiki nitakitumia wapi, ikiwa barua yenyewe naandika mara moja kwa mwaka?" Somo la leo linajibu swali hilo. Tutajifunza namna ya kufanya utafiti sisi wenyewe kijijini, hasa pale mradi unapotuletea kifaa kipya na mafunzo yake.

Usiliogope neno utafiti. Utafiti ni kutafuta jibu kwa utaratibu. Mtu akipotelewa na mbuzi, hakimbii ovyo porini. Anauliza alionekana wapi mara ya mwisho. Anaangalia nyayo. Akikosa upande huu, anajaribu upande ule. Huo tayari ni utafiti. Kilichobaki ni kuandika.

Utafiti tunaousema leo una mambo mawili ya ziada. Kwanza, wanaotafuta jibu ni wale wale wenye shida. Pili, jibu likipatikana haliwekwi kabatini. Linafanyiwa kazi palepale, kisha watu wanaangalia tena kama limefaa. Kwa sababu hiyo unaitwa utafiti wa vitendo. Watu wote wanaohusika wakishirikishwa tangu mwanzo, huitwa pia utafiti shirikishi.

SHIDA YENYEWE NI HII

Mafunzo ya kifaa kipya mara nyingi huenda hivi. Wageni wanafika kwa gari. Watu wanaitwa chini ya mti. Kifaa kinaonyeshwa, na siku hizi hata video inaonyeshwa. Watu wanapiga makofi, majina yanaandikwa, picha inapigwa. Jioni gari linaondoka.

Baada ya miezi sita ukipita, utakikuta kile kifaa darini, kuku wanatagia ndani yake. Mtaalamu anasema, "Wanakijiji hawapendi mabadiliko." Wanakijiji wanasema, "Kifaa chenyewe hakifai." Nani mkweli? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyepima wala kuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hebu tuchukue jambo linalotugusa hapa Ufipa, yaani kuhifadhi mahindi. Tufanye hesabu pamoja.

Nyumba yenye watu sita imebakiza magunia 5 ya chakula mwezi Julai. Kila gunia lina madebe 6. Jumla ni madebe 30. Nyumba hiyo inakula madebe 3 kwa mwezi.

30 gawanya kwa 3 = miezi 10. Chakula kitafika mwisho wa Aprili.

Sasa tuseme wadudu wameharibu madebe 6. Yamebaki 24.

24 gawanya kwa 3 = miezi 8. Chakula kitaisha mwisho wa Februari.

Miezi miwili imepotea, Machi na Aprili. Je, ni miezi gani hiyo? Ni miezi ya mvua, shamba bado halijakomaa na mahindi ya kununua ni ghali. Wengine, kwa kuogopa wadudu, huuza mahindi mapema wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu hununua yale yale kwa bei ya juu. Kwa hiyo mdudu anakula mara mbili: anakula ghalani, na anakula mfukoni.

Mdudu mbaya zaidi ni dumuzi. Asili yake si Afrika. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania, mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walimpa jina la Scania, kama lile lori kubwa. Yeye hula mahindi na makopa ya muhogo, na hutoboa hata mbao. Dawa na njia zilizotosha kwa fukusi wa zamani zilionekana hazitoshi kwake. Basi ikabidi watu watafute njia nyingine.

WAZEE WETU WALIJARIBU

Pengine utasema, "Utafiti ni kazi ya wasomi wa chuo." Hapana. Tazama intumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hulima kwa kugeuza udongo juu ya nyasi. Nyasi huoza ndani na kuwa mbolea. Nani aliwafundisha wazee wetu? Walijaribu, wakaona, wakarekebisha, wakafundishana.

Tazama pia malungu, zile tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma. Mabaki yake yapo bado katika nchi yetu. Tanuru hizo zilivuta hewa zenyewe, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru ndogo zenye mivukuto, zilizoitwa vintengwe. Kazi kama hiyo haipatikani kwa bahati. Ni lazima kulikuwa na majaribio mengi, mengine yakishindwa.

Ila kulikuwa na upungufu mmoja. Maarifa hayo yalikaa vichwani, hayakuandikwa. Ufuaji wa chuma kwa malungu ulipokoma katika karne ya 20, na mafundi walipofariki, maarifa mengi yalikwenda nao kaburini. Wewe mhitimu wa kisomo una kitu ambacho fundi wa malungu hakuwa nacho. Una kalamu.

NJIA HII IMETUMIKA TANZANIA

Jina la utafiti wa vitendo lilienezwa na mtaalamu Kurt Lewin huko Marekani katika miaka ya 1940. Lakini utafiti shirikishi una mizizi mikubwa hapa kwetu Tanzania.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu katika vikundi walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Teknolojia yao ilikuwa redio. Lakini redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kilichofanya kazi ni kikundi, majadiliano na uamuzi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, katika kijiji cha Bwakira Chini, mkoani Morogoro, kulikuwa na mradi wa kuhifadhi nafaka. Wataalamu hawakuanza kwa kuleta ghala la kigeni. Walikaa na wanakijiji wakajadiliana. Wanakijiji walieleza maghala yao na ubaya wake. Wataalamu walieleza habari za wadudu, panya na unyevu. Kisha wakatafuta pamoja namna ya kuboresha maghala kwa kuunganisha ujuzi wa pande zote mbili.

Huko Bagamoyo nako kulikuwa na mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975. Watafiti wa Tanzania na Finland, akiwemo mama Marja-Liisa Swantz, walifanya utafiti pamoja na wakulima na wafugaji. Wanakijiji hawakuwa watu wa kuhojiwa tu. Walishiriki kuchunguza shida zao na kutafuta la kufanya.

Fundisho la miradi hiyo ni moja. Mtaalamu anajua kitu, na mwanakijiji anajua kitu. Kila mmoja akibaki na chake, kazi haiendi.

HATUA SITA, KWA MFANO WA DUMU

Sasa tufanye kwa vitendo. Tuseme bwana shamba amefika kufundisha hifadhi isiyopitisha hewa. Kuna mifuko maalumu ya kazi hiyo. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki ngumu, na nje ina kiroba. Lakini hata dumu la plastiki lenye kifuniko kinachokaza vizuri linaweza kufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo. Siri yake ni rahisi: wadudu wanapumua kama sisi. Ukiwafungia, hewa wanayoihitaji inapungua. Wanaacha kula, kisha wanakufa.

Je, tuamini tu kwa sababu bwana shamba amesema? Hapana. Je, tukatae tu? Hapana pia. Tujaribu.

Hatua ya kwanza: Taja shida, kisha uliza swali moja. Usiulize, "Tufanyeje tuendelee?" Swali hilo ni kubwa mno. Uliza hivi: "Je, mahindi yaliyokauka vizuri yakifungwa ndani ya dumu, yataharibiwa kidogo kuliko yale ya kwenye kiroba cha kawaida?" Swali kama hili linaweza kujibiwa kwa kuhesabu.

Hatua ya pili: Panga jaribio. Chagueni nyumba tatu, si moja, maana nyumba moja inaweza kuwa na bahati yake. Kila nyumba iwe na madumu 3 ya lita 5 na viroba 3. Kiasi cha mahindi kiwe sawa katika kila kimoja. Mahindi yatoke shamba moja, yapukuchuliwe siku moja, yakae chumba kimoja. Usiweke mazuri kwenye dumu na mabovu kwenye kiroba. Ukifanya hivyo unajidanganya mwenyewe.

Kwa nini madumu matatu? Kwa sababu ukifungua dumu, hewa inaingia na jaribio limeharibika. Basi dumu la kwanza litafunguliwa Oktoba, la pili Januari, la tatu Machi. Kwa mifuko maalumu vivyo hivyo, usiichome kwa bambo kuchukua sampuli. Tundu moja tu linatosha kuharibu kazi.

Hatua ya tatu: Tenda. Kwanza pimeni kama mahindi yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishwe juani. Isiponata, yako tayari. Jaza dumu mpaka juu kabisa, ligongegonge chini, ongeza tena, kisha kaza kifuniko. Andika tarehe juu yake.

Hatua ya nne: Angalia na andika. Siku ya kufungua, changanya mahindi vizuri. Hesabu punje 100 bila kuchagua. Tenga zilizotobolewa. Andika idadi yake siku hiyo hiyo, si kesho. Daftari liwe hivi:

Nyumba ya kwanza, punje zilizotobolewa katika 100:
Julai: dumu 2, kiroba 2
Oktoba: dumu 3, kiroba 9
Januari: dumu 3, kiroba 24
Machi: dumu 4, kiroba 41

(Hesabu hizi ni za kujifunzia tu. Zenu mtazipata wenyewe.)

Hatua ya tano: Jadilini. Kaeni kikundi kizima, msome daftari kwa sauti. Kila mmoja aseme anaona nini. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na tutapaeleza zaidi.

Hatua ya sita: Badilisheni, halafu anzeni tena. Jibu la mwaka huu linazaa swali la mwaka ujao. Utafiti wa vitendo huenda kama gurudumu la baiskeli: unazunguka, lakini kila mzunguko unakusogeza mbele.

JIBU BAYA LISIFUTWE

Tuseme nyumba ya tatu mwezi Januari imepata punje 26 zilizotobolewa ndani ya dumu. Kwenye kiroba chao zilikuwa 25. Dumu halikusaidia kitu! Mwenyekiti wa kikundi anaona aibu. Anasema, "Hii tuiache, wageni wa mradi wakija watavunjika moyo."

Hapana, ndugu. Usifute. Namba hiyo ndiyo yenye kufundisha kuliko zote. Ulizeni: kifuniko kilikaza? Mahindi yalikauka? Dumu lina ufa? Wadudu walitoboa? Katika mfano wetu, wanakikundi wanakagua na kukuta kifuniko hakina ule mpira wake wa ndani. Hewa ilikuwa ikipita. Sasa wamejua jambo ambalo halikuwamo katika somo la mtaalamu: kabla ya kujaza, kagua kifuniko. Somo la mwaka ujao litakuwa na hatua hiyo.

Mafunzo yanayoficha makosa hayafundishi. Namba mbaya ikifutwa leo, mwezi Machi itatokea tena, na safari hii itakuwa sufuria isiyo na ugali.

NANI ANAJUA MATUMIZI?

Tusikilize mazungumzo haya.

Bwana shamba: Mama, tumeona hifadhi hii inafaa. Basi mwaka huu weka chakula chote katika mfuko mmoja mkubwa usiopitisha hewa.

Mama: Ahsante, Bwana Shamba. Lakini mimi ndiye ninayekwenda mashineni. Kila baada ya siku kumi nafungua nachota debe moja. Si umesema nikifungua hewa inaingia?

Bwana shamba: Ni kweli. Hilo sikulifikiria. Wewe unaonaje?

Mama: Naona tutumie madumu ya lita 20. Dumu moja ni kama debe moja, na debe moja ni safari moja ya mashineni. Nikifungua moja, mengine yanabaki yamefungwa hadi zamu yake. Mfuko mkubwa uwe wa mahindi ya kuuza baadaye.

Umeona? Bwana shamba anajua habari za mdudu. Mama anajua habari za mashine. Kama mama angebaki nyuma ya umati bila kuulizwa, mfuko ungefunguliwa kila siku kumi, wadudu wangeendelea kula, na watu wangesema kifaa ni kibovu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo kikundi cha utafiti kisiwe cha wanaume tu, wala cha viongozi tu. Ulizeni: nani anakausha? Nani anapukuchua? Nani anachota? Nani anauza? Wote hao wawe na kiti katika mkutano.

DAFTARI LIKAE WAPI?

Sasa tujibu swali la kichwa cha somo. Daftari la jaribio likae kijijini, mikononi mwa kikundi. Mradi ukitaka hesabu, unakili. Daftari lenyewe lisiondoke na gari. Likiondoka, mradi umejifunza na kijiji kimebaki na picha ya ukumbusho.

Watunza daftari wawe wawili, na angalau mmoja awe mwanamke. Mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti alichoandika, ili hata asiyejua kusoma ahakikishe. Mwenye simu ya picha anaweza kupiga picha za zile punje 100, ni msaada mzuri. Lakini simu huishiwa chaji na hupotea. Namba ziandikwe daftarini kwanza.

TAHADHARI

1. Usijaribu kwa chakula chote cha nyumba. Jaribu kwa sehemu ndogo, ambayo ikiharibika watoto hawatalala njaa.

2. Usitumie dumu lililokuwa na dawa ya shamba au mafuta ya taa, hata likioshwa mara kumi. Lililokuwa na mafuta ya kula lioshwe kwa sabuni na likauke kabisa.

3. Usifungie mahindi mabichi. Yataota ukungu. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yenye ukungu yasiliwe, wala yasigeuzwe pombe, wala yasipewe mifugo.

4. Majaribio ya dawa za kuua wadudu yasifanywe kwa kukisia. Fuateni maandishi ya kwenye pakiti, na muulizeni bwana shamba au bibi shamba.

5. Msimlazimishe mtu kuingia katika jaribio. Anayeogopa aachwe aangalie. Mwakani huenda akaja mwenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Jaribio: kufanya jambo kwa kiasi kidogo ili kuona matokeo.
Sampuli: sehemu ndogo inayochukuliwa kupima kitu kizima.
Matokeo: kile kilichopatikana baada ya jaribio, kizuri au kibaya.
Utafiti wa vitendo: kutafuta jibu huku ukitenda, kisha kurekebisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja kifaa kimoja kilicholetwa kijijini kwenu na sasa hakitumiki. Kwa nini hakitumiki? Nani aliulizwa kabla hakijaletwa?

2. Kwa nini mahindi ya dumu na ya kiroba yatoke shamba moja?

3. Nyumba inakula madebe 4 kwa mwezi na ina madebe 36. Chakula kitatosha miezi mingapi? Wadudu wakiharibu madebe 8, kitatosha miezi mingapi?

4. Mwenyekiti anataka kufuta namba mbaya. Ninyi mtamwambia nini kwa heshima?

KAZI YA KUFANYA

Leo jioni chukua punje 100 za mahindi kutoka ghalani kwako. Hesabu zilizotobolewa. Andika tarehe na idadi. Baada ya mwezi mmoja fanya tena, mahali pale pale. Ukiwa na namba hizo mbili, nenda nazo kwenye mkutano wa kikundi. Hutakuwa umekwenda kusikiliza tu. Utakuwa na la kusema, na limeandikwa.